Richard Pryor: urithi wake, na kwa nini wengi huokota maganda

Mchekeshaji chipukizi wa Lubumbashi akikwama jukwaani, mara nyingi hukwama dakika ya pili. Ya kwanza hubebwa na salamu, jina la komini anakotoka, na kijembe kidogo kwa mashabiki wa Mazembe au wa Lupopo. Ya pili inadai kitu chake mwenyewe. Akiwa hana, hutoa tusi. Ukumbi hucheka mara moja kwa mshtuko, halafu yule mama wa mstari wa mbele anavuta mkoba wake kifuani na kuanza kutafuta mlango kwa macho.

Tusi hilo limetoka mbali. Kijana amelipata kwenye simu, katika vipande vya Eddie Murphy, Chris Rock au Dave Chappelle, na hao wote watatu wamechota kisima kimoja: Richard Pryor, Mmarekani Mweusi aliyebadilisha maana ya mtu kusimama peke yake na mikro mbele ya watu. Katika kupokezana, tusi ndilo jepesi kubeba, basi ndilo lililofika. Ufundi wenyewe ni mzito, ukaachwa njiani.

Pryor alizaliwa Peoria, jimbo la Illinois, tarehe 1 Desemba 1940. Bibi yake, Marie Carter, alimiliki nyumba za ukahaba. Mama yake alifanya kazi humo. Bibi ndiye aliyemlea, kwa ukali mwingi. Mtoto anayekulia mahali kama hapo huona mapema jambo ambalo wenzake hulikuta ukubwani: mheshimiwa wa mchana, mwenye kofia na salamu za kanisani, ana sauti nyingine kabisa usiku mlangoni. Tofauti ya sauti hizo mbili ndiyo iliyokuja kuwa mtaji wake. Shule ilimfukuza akiwa na miaka 14. Aliyemwokoa kidogo ni Juliette Whittaker, mama aliyeongoza michezo ya kuigiza katika kituo cha jamii cha Carver mjini humo, akampa nafasi ya kuigiza. Miaka mingi baadaye Pryor alipopata tuzo ya Emmy kwa uandishi wa televisheni, sanamu yenyewe alimpa mama huyo. Jeshini alikaa kuanzia 1958 hadi 1960, Ujerumani, na sehemu kubwa ya muda huo aliumalizia katika jela ya jeshi kwa sababu ya ugomvi.

Mwaka 1963 alihamia New York, na mwaka uliofuata akaonekana kwenye televisheni. Wakati huo Bill Cosby alikuwa amethibitisha kwamba Mweusi anaweza kupendwa na Marekani nzima akiwa na suti safi, maneno safi na hadithi za utotoni zisizomchoma mtu. Pryor akamnakili, na akafanikiwa. Kisha, kama alivyosimulia mwenyewe, mwaka 1967 katika hoteli ya Aladdin, Las Vegas, alitazama ukumbi uliojaa, mwimbaji Dean Martin akiwa miongoni mwa watazamaji, akajiuliza kwa sauti anafanya nini pale, akashuka jukwaani.

Kisa hiki hupendwa kwa sababu kinafanana na Paulo njiani kwenda Dameski. Lakini mabadiliko hayakuja kwa usiku mmoja. Yalichukua miaka, na sehemu yake muhimu haina umaarufu wowote: mwaka 1971 alijificha Berkeley, California, akisoma hotuba za Malcolm X, akimsikiliza Marvin Gaye, akikaa na waandishi Weusi kama Ishmael Reed na Cecil Brown, na akipanda jukwaa dogo dogo kufanya mambo ambayo hayakuwa hata ya kuchekesha. Kuna nyakati alisimama na kurudia neno moja tu, kila mara kwa sauti tofauti, hadi sauti makumi. Anayetaka kujifunza kwa Pryor aanzie hapo. Chukua neno “ndiyo”. Liseme kama mtu anayedaiwa kodi ya nyumba, kama bibi harusi aliyechelewa kujibu, kama mwanafunzi aliyeiba mtihani, kama mkubwa wa ofisi ambaye anamaanisha hapana. Ukifika sauti ya kumi bila kujirudia, umeanza kusikia watu.

Kichekesho cha kawaida kina sehemu mbili, tuziite mtego na mfyatuko. Mtego unampeleka msikilizaji upande mmoja. Mfyatuko unamgeuza ghafla. Mashine hii ni nzuri na inalipa, hasa kwenye harusi ambako watu wanakula bukari (ugali) huku wanasikiliza. Ubaya wake ni kwamba inasafirika: ukiitega leo Katuba, kesho mwingine ameifyatua Kampemba, na hakuna anayejua ilikuwa ya nani. Pryor aliipunguza mashine hiyo mpaka karibu isionekane. Mahali pake akaweka mtu. Mtu huyo ana vitu vitatu: kitu anachokitaka sasa hivi, kitu anachokiogopa, na mzigo fulani mwilini, kama vile njaa, pombe, uzee au viatu vinavyobana. Mcheko hutoka pale ambapo vitu hivyo vinagongana mbele ya macho yetu.

Tukio moja linaonyesha kila kitu. Filamu ya onyesho lake iliyotoka 1979 ilipigwa Long Beach, California, Desemba 1978, ina dakika 78, na haina kingine ila yeye na mikro. Mwaka mmoja kabla, Novemba 1977, alikuwa amepata shambulio la moyo. Jukwaani anatembea zake uani, hana habari. Ghafla anakunja ngumi na kuikaza kifuani. Moyo unasema: usipumue. Anajaribu kupumua; ngumi inajipinda, na yeye anashuka kidogo. Moyo unamhoji. Sasa unafikiria kufa, sivyo? Mbona hukufikiria ulipokuwa unakula nyama ya nguruwe? Anapiga goti. Anajaribu kwa siri kumpigia Mungu simu. Anayepokea anamwambia asubiri kwenye laini. Moyo unagundua: kumbe unazungumza na Mungu nyuma ya mgongo wangu! Ngumi inajipinda tena, sasa amelala chali sakafuni. Anapozinduka ndani ya gari la wagonjwa, nyuso zinazomwinamia zote ni za Wazungu, naye anaogopa kwamba amekufa na kupelekwa mbingu isiyo yake.

Hebu hesabu. Sauti ni tatu: yeye, moyo, na mpokea simu wa mbinguni. Vifaa ni ngumi moja na sakafu. Vichekesho vya kukariri na kupeleka kwa jirani ni sifuri. Ukimsimulia mtu tukio hili kwa maneno, kama tulivyofanya hapa, hacheki hata nusu. Na siri kubwa iko kwenye chaguo la sauti ya moyo. Angeweza kuufanya uongee kama daktari au kama mzee wa kanisa. Ameufanya uongee kama mbabe wa mtaani anayemkandamiza mtu ukutani na kumhoji huku anampiga. Kila Mweusi wa ukumbi ule aliijua sauti hiyo kutoka barabarani. Ndiyo maana wanacheka kifo.

Lubumbashi ina chombo ambacho Pryor hakuwa nacho: lugha zenyewe ni sauti. Yeye alilazimika kubana pua ili tujue kwamba sasa anaongea Mzungu. Huku, Kifaransa kikitoka kinywani tunajua tuko ofisini. Kilingala, kuna sare na kofia karibu. Kiswahili, tuko nyumbani au sokoni. Kibemba au Kiluba, shangazi amefika na maneno yake. Kubadili lugha ni kubadili nguo. Tatizo ni kwamba wengi hubadili nguo bila kubadili mtu aliye ndani.

Chukua utani unaojulikana na kila mpanda taksi. Polisi wa barabarani anasimamisha gari, anasema kwa Kilingala, “Pesa mikanda,” yaani leta hati. Lakini “pesa”, ambayo kwa Kilingala ni “toa”, dereva ameisikia kwa Kiswahili. Ukiusimulia hivyo hivyo, ni sekunde kumi na mcheko mmoja, na nusu ya ukumbi walishausikia kwa wajomba zao.

Sasa uufanye kwa njia ya Pryor. Anza na polisi kabla hajasema lolote. Ni saa nane mchana, jua la Oktoba, hajala. Hamtazami dereva, anatazama tairi, na anashusha pumzi kama daktari aliyeona picha mbaya ya mapafu. Geuka. Dereva ana mikono yote miwili kwenye usukani, mabega yamepanda masikioni, meno yote nje: “Shefu, jambo.” Geuka tena. Nyuma yake mama mwenye ndoo ya samaki, aliyeketi upande wa jua. Kisha polisi anainama dirishani na kusema, “Pesa…” Nyamaza. Katika ukimya huo mkono wa dereva umekwisha kuingia mfukoni, wenyewe, bila kuagizwa. “…mikanda.” Mkono unaganda. Hauwezi kutoka mtupu, hauwezi kutoka na noti. Polisi anautazama mkono. Dereva naye anautazama mkono wake, kama mkono wa mtu mwingine. Na nyuma: “Papa, tosha mukono, samaki iko naoza!”

Hapo kuna dakika mbili na vicheko vitano au sita, na mtu hawezi kuuiba kwa kuukariri kwa sababu nyama yake iko kwenye mkono. Polisi pia amepona: ana njaa, kwa hiyo ni mtu. Ukimwondolea njaa unabaki na kinyago cha polisi mla rushwa, na kinyago huchekesha mara moja tu.

Yanayoharibika ni machache na yanajulikana. La kwanza ni mwelekeo. Kila mtu ana upande wake: polisi anaangalia chini kushoto, dereva anaangalia juu kulia, mama anaongea mbele huku kidevu kimeinuka. Ukisahau mara moja na kumfanya dereva aangalie kushoto, ukumbi unapotea kwa sekunde moja, na sekunde hiyo inakula mcheko unaofuata. La pili ni kutangaza: “Halafu polisi akasema, halafu dereva akasema.” Maneno hayo yaondoe yote; mgeuko wa kichwa unatosha. La tatu ni kutembea ovyo. Pryor alionekana kama mtu anayezunguka jukwaa lote, lakini mtazame vizuri: anapoingia ndani ya mtu, miguu inasimama. Ana mahali pa kusimama.

La nne si la mchekeshaji bali la fundi wa sauti, na ndilo linaloua wengi mjini hapa. Vifaa vingi vinavyokodishwa hutumika Jumapili kwa kwaya na Jumamosi kwa orkestra, na mwangwi huachwa ukiwa umewashwa. Kwa wimbo ni utamu. Kwa mchekeshaji ni sumu, kwa sababu mkia wa neno unaendelea kulia ndani ya ukimya, na ule ukimya kati ya “pesa” na “mikanda” haupo tena. Kabla ya kuanza, sema neno moja fupi kwenye mikro kisha nyamaza. Ukisikia neno linarudi, mwombe fundi azime mwangwi kabisa, na apunguze besi, maana jenereta nje ya dirisha inatoa besi ya kutosha. Mikro iwe karibu na mdomo, upana wa vidole vitatu au vinne. Ukinong'ona isogeze, ukipiga kelele iondoe hadi upana wa kiganja. Na kama watu wanakula, usijaribu tukio lenye ukimya. Toa vifupi, chukua pesa yako, uende.

Njia hii ya kuweka mtu mbele ya kichekesho si ngeni Katanga. Kundi la maigizo la Mufwankolo lilifanya hivyo kwa miaka mingi, redioni na kwenye televisheni, kwa Kiswahili cha mjini hapa. Michezo yao haikuandikwa neno kwa neno: waigizaji walikubaliana hadithi na nani anamtaka nani afanye nini, wakafanya mazoezi, maneno yakatoka kwa mtu mwenyewe. Tofauti ni kwamba wao walikuwa wengi, na kila mmoja alibeba mtu wake. Pryor aliwabeba wote peke yake.

Tufike kwenye lile neno. Pryor alilitumia neno baya kuliko yote ambalo Wazungu wa Marekani walimwitia Mweusi, na akaliweka hata kwenye jina la albamu yake ya 1974, iliyoshinda Grammy. Hoja yake ya wakati huo ilifanana na mantiki ya utani: mtani wangu ananiita mchawi mbele ya maiti ya baba yangu na siwezi kukasirika, kwa sababu neno limeondolewa meno. Yeye na watu wake walikuwa watani wa wao kwa wao, na neno walilitoa mikononi mwa adui.

Mwaka 1979 alisafiri kwenda Kenya (nchi, si komini yetu). Akiwa ameketi ukumbini mwa hoteli, akatazama: mpokeaji wageni, mhudumu, mwenye biashara, askari, wote Weusi, kila mmoja kazini kwake. Akatambua kwamba kwa wiki tatu hajalitamka neno lile wala kulifikiria, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuitwa hivyo. Akaapa kuliacha, na akalieleza hilo jukwaani katika filamu yake ya 1982. Wapo waliomlalamikia kwamba amelegea. Ukweli ni kwamba alikuwa amefanya hesabu: utani hufanya kazi ndani ya ukoo, na rekodi zake zilikuwa zimekwisha kutoka nje ya ukoo. Zilichezwa sebuleni mwa watu ambao hawakuwa watani wake.

Lubumbashi ina neno lake. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watu wenye asili ya Kasai waliitwa “bilulu”, wadudu, na kati ya 1992 na 1993 maelfu kwa maelfu walifukuzwa Katanga, wakalala kwenye vituo vya treni vya Likasi na Kolwezi wakisubiri kuondoka. Wapo ukumbini leo waliolala hapo wakiwa watoto. Kwa hiyo mchekeshaji anayeiga lafudhi ya Kasai anagusa kitu chenye damu, hata kama yeye alizaliwa baadaye. Kipimo ni rahisi: ondoa lafudhi, usome tukio kwa Kiswahili cha kawaida. Likiendelea kuchekesha, una mtu, na lafudhi ni nguo yake. Likifa, ulichokuwa nacho ni kumcheka jirani kwa namna anavyoongea, na nusu moja ya ukumbi itacheka huku nusu nyingine inahesabu.

Kuhusu filamu zake za kuigiza hatutakaa sana. Alishiriki kuandika Blazing Saddles na Mel Brooks, akacheza na Gene Wilder, mwaka 1983 akatia saini mkataba wa dola milioni 40 na kampuni ya filamu ya Columbia. Nyingi za filamu hizo zilimfunga mikono. Kipindi chake cha televisheni cha 1977 kilitoka mara nne tu.

Kazi iliyobaki ni ile ya jukwaani, na hiyo ilijengwa kwa jasho la kuchosha. Alirudi tena na tena kwenye klabu ya Comedy Store, Los Angeles, rafiki yake Paul Mooney akimsaidia kuandika, akijaribu tukio lile lile usiku baada ya usiku: hili lifupishwe, lile lihamishwe, hapa nyamaza zaidi. Mwenye kutaka dakika tano zinazosimama asidhani zitatoka mara ya kwanza. Tukio la polisi hapo juu linahitaji kuchezwa mbele ya watu si chini ya mara kumi, kwa kurekodi sauti kwa simu na kusikiliza kesho yake jambo moja tu: watu walicheka wapi ambapo hukutarajia. Hapo ndipo penye mali.

Hata bingwa aliteleza. Usiku wa tarehe 9 Juni 1980, akiwa amezama kwenye kokeini, alijimwagia pombe na kujiwasha moto; baadaye alikiri kwamba alitaka kufa. Zaidi ya nusu ya mwili uliungua. Aliporudi jukwaani kwa ajili ya filamu ya 1982, katika ukumbi wa Hollywood Palladium, amevaa suti nyekundu, usiku wa kwanza wa kupiga picha ulimshinda. Hakuwa amezoea, maneno hayakushika, watazamaji walimtaka Mudbone, yule mzee wake wa kubuni kutoka Mississippi, mwenye hadithi nyingi. Usiku uliofuata alirudi na kufanya upya, na filamu ikaunganishwa. Karibu na mwisho anawasha njiti ya kiberiti, anaipitisha hewani ikirukaruka, na kuuliza hii ni nini: ni Richard Pryor anakimbia barabarani. Alisema anajua watu walikuwa wakimtania hivyo mitaani. Akawanyang'anya utani wao, akaufanya wake.

Wengi huiga hili vibaya kuliko hata matusi. Wanapanda na kidonda cha juzi, ukumbi unaona damu, unaogopa badala ya kucheka. Pryor alikuwa na njiti mkononi kwa sababu alikuwa ameshatafuta umbo la jambo lile: dogo, la sekunde tano, linaloshikika kwa vidole viwili. Maumivu ambayo bado hayajapata umbo yabaki nyumbani.

Mwaka 1986 madaktari walimwambia ana ugonjwa wa neva, skelerosisi, unaomnyang'anya mtu mwili wake kidogo kidogo. Mwaka 1998 alikuwa wa kwanza kupewa tuzo ya Mark Twain ya uchekeshaji, na alifariki tarehe 10 Desemba 2005, siku tisa baada ya kutimiza miaka 65. Katikati ya hapo, mwanzoni mwa miaka ya 1990, alirudi tena Comedy Store, akisaidiwa kufika hadi kitini. Magoti yaliyopiga sakafu kwa tukio la moyo hayakumtii tena, na ngumi haikukaza. Alifanya kazi akiwa ameketi, kwa uso na kwa sauti, akisimulia jinsi mwili unavyomkatalia.